Mjane wa Kitabu cha Bure

Jumatatu saa tisa alasiri, Bi Siwema alimfukuza mumewe chumbani.

Hakumfukuza kwa ugomvi. Alijivuta nyuma ya pazia la kitanda chake, akajitanda shuka jeupe kuanzia utosini, akasema kwa upole, "Baba, nakuomba utoke. Mimi niko edani."

Mzee Nasibu alibaki amesimama katikati ya chumba, chupa ya uji mkononi, kama abiria aliyeteremshwa kituo kisicho chake. Alilitazama pazia. Akamtazama Arafa, msichana wa maktaba, ambaye alikuwa ameitwa mbio na sasa yuko mlangoni, kalamu bado sikioni.

"Eda ya nani?" Mzee Nasibu aliuliza.

"Ya mume wangu," pazia likajibu. "Sefu. Hukupata habari? Tumemzika."

"Siwema, Sefu si ndiye mimi?"

Kikasikika kicheko kidogo, cha mtu anayemsitiri mwenzake aibu. "Astaghfirullahi. Baba, usinitanie katika hali hii. Mjukuu wangu, upo hapo? Mtoe mzee wa watu, mpe maji. Huenda ni jua."

Arafa akamshika mzee mkono, wakatoka hadi kwenye benchi la barazani. Maji hakuyataka. Aliketi akiielekea milima ya Kondoa, ile chupa ameipakata.

"Jana asubuhi nilikuwa Sefu," alisema. "Miaka hamsini na moja ya ndoa nimekuwa Nasibu. Mkampa mke wangu kichwa kipya, akaanza kuniita Sefu, nikasema sawa, mimi Sefu, nini jina? Nikaitika miezi mitano. Leo Sefu kafa. Nasibu hamjui. Sasa, mjukuu wangu, mimi ni nani?"

Kwa kawaida Arafa hakuwa msemaji. Siku hiyo hata kile kidogo alichokuwa nacho kilimtoroka, kwa sababu alikuwa ameanza kuhisi kwamba aliyemuua Sefu ni yeye.

*

Nyumba ya Utulivu iliwapokea watu ambao maradhi yamewala kumbukumbu. Hakuna aliyeahidiwa pale kurudishiwa kilichokwisha potea. Walichofanya ni kusimamisha nguzo. Walichukua maisha ya mtu mmoja, yaliyosimuliwa vizuri tangu utoto hadi utu uzima, wakayamimina kichwani mwa mgonjwa kwa kifaa cha kitambaa kilichofumwa kwa nyaya, ambacho kila mtu alikiita kilemba. Yale mabaki ya kumbukumbu zake mwenyewe, yaliyokuwa yakielea bila pa kushika, yaliikamata ile nguzo na kuanza kuipanda. Kabla ya kilemba, Bi Siwema hakujua kijiko ni cha nini. Wiki tatu baadaye alidai kanga zake, akamgombeza mpishi kwa kuzidisha chumvi.

Lakini si kila hadithi ilifaa. Zamani kidogo, kampuni moja ya kuuza hadithi ilimwandikia barua mzee wa Kanda ya Ziwa aliyeiuzia hadithi ya maisha yake, ikamtaka aache kuwasimulia wajukuu habari za utoto wake, kwa kuwa utoto huo ni mali ya kampuni. Kesi ikaunguruma miaka miwili, mzee akafa kabla ya hukumu. Toka hapo sheria ikakataza kumpandikiza mtu hadithi yenye mwenyewe. Zilizoruhusiwa ni zile tu ambazo waandishi wake walikufa zaidi ya miaka sabini iliyopita, haki zimeisha, hadithi zimebaki mali ya umma.

Kazi ya Arafa ilikuwa kuzichimbua. Ghala la mali ya umma, la mtandaoni, lilikuwa na vitabu mamia ya maelfu, huru kwa yeyote, na vingi havikuwa vimefunguliwa na mtu hata siku moja. Humo ndimo alimokikuta *Taa ya Hidaya*, riwaya iliyochapwa kwenye karatasi duni, ya mwanamke ambaye hakuacha mtoto wala picha. Mahali pa idadi ya wasomaji paliandikwa sifuri. Arafa akaifanya moja. Aliisoma mezani pake siku nzima, hata chakula cha mchana hakwenda kula, na alipofika mwisho aliona haya, kama mtu aliyepewa zawadi kubwa njiani na mtoaji akapotea kabla ya kuambiwa asante.

Mwisho wenyewe haukuwepo. Nakala ile ilikatika katikati ya sentensi: Hidaya anafungua dirisha, na. Basi. Kurasa zilikuwa zimenyofoka. Chini yake ghala liliuliza swali: *Nakala nyingine ikipatikana, hii ikamilishwe?* Arafa akajibu ndiyo, bila kufikiri mara mbili. Alitaka tu kujua Hidaya aliona nini dirishani. Kisha akaitoa hivyo hivyo, bila mwisho, iwe nguzo ya Bi Siwema.

*

"Imepatikana," alisema Daktari Elineema.

Alikuwa mwanamume mrefu kutoka Upareni, mwenye tabia ya kutafuna karanga wakati wa kutoa habari mbaya. Aliigeuza skrini upande wa Arafa.

"Jumamosi kuna mtu kafungua sanduku la vitabu vya marehemu babu yake, kakuta nakala nzima, kaipeleka ghalani. Ghala likakamilisha ya kwako. Jana jioni Bi Siwema alivaa kilemba kwa ajili ya kunyweshwa hadithi kwa kila wiki. Kilemba kikamnywesha kilichoongezeka. Sura moja."

Arafa alisoma amesimama. Hidaya anafungua dirisha, na anaona watu wawili wanamleta mumewe kwa machela. Sefu, fundi cherehani, amepata homa safarini. Anakufa alfajiri. Hidaya anamwosha mwenyewe. Anaingia edani. Kitabu kinaisha.

Kilikuwa kimeandikwa vizuri mno. Hilo ndilo lililomuumiza.

"Mimi ni Mlutheri, nisaidie," daktari alisema. "Eda ni muda gani?"

"Miezi minne na siku kumi."

"Na wakati huo?"

"Haonani na wanaume wasio maharimu wake. Kwake babu Nasibu ni mwanamume wa barabarani."

Daktari akaziacha karanga. "Moyo wa yule mzee unakwenda kwa betri, Arafa. Betri ya pili hiyo. Miezi minne sikuahidi."

"Tukimwambia ukweli?"

"Kwamba mume aliyemzika jana ni wa kitabuni? Mgonjwa akijua nguzo ni ya kubandika, huiachia. Tulimjaribu mmoja Januari. Hajasema neno mpaka leo."

Akamsogezea karatasi. Pandikizo jipya huilegeza nguzo yote, nalo huchukua karibu siku nne kuota mizizi. Kabla ya Alhamisi saa nne asubuhi lingeweza kung'olewa. Baada ya hapo, basi. Ila hawakuweza kung'oa sura moja na kuziacha nyingine. Nguzo ni moja, ikitoka hutoka nzima pamoja na kila kilichoishika. Bi Siwema angerudi pale pa kutojua kijiko. Na kichwa kilichong'olewa hakikubali kilemba mara ya pili. Zilihitajika sahihi mbili: ya mume, na ya aliyechagua kitabu.

"Wewe unashauri nini?" Arafa aliuliza.

"Mimi nashauri vidonge. Hili ni lenu."

*

Jumanne Mzee Nasibu alikuwa benchini kabla hata Arafa hajafika kazini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kaa. Nimekuwa nikifikiri. Hicho kitabu ni cha nani?"

"Cha watu wote, babu. Haki zake zimekwisha."

"Watu wote, na mimi nimo?"

"Na wewe umo."

"Nikitaka kuongeza neno nani atanishitaki?"

"Hakuna."

"Basi nifufue," alisema mzee, kama anayeagiza chai. "Wewe umesoma chuo. Andika kwamba wamekosea maiti. Sefu anatokea mlangoni na mzigo wa vitambaa, anauliza mbona watu wamejaa. Kurasa mbili tatu tu. Mvisheni kilemba, nami niingie."

Arafa alicheka, halafu akaona kwamba mzee hacheki.

Aliandika siku ile nzima. Sheria ilimruhusu, na hilo lilimtatiza zaidi. Kila aliponyoosha sentensi alijiona ameingia nyumba ambayo mwenyewe amesafiri, mlango ukiwa wazi, akaanza kuhamisha vitanda. Je, mwanamke yule aliyeandika bila mtoto wala picha angesema nini? Pengine angesema, mfufue, mwanangu, ni maneno tu. Pengine angesema, mimi nilimuua kwa sababu. Arafa hakujua. Aliandika, akafuta, akaandika. Jioni alikuwa na kurasa tatu ambazo Sefu anarudi mzima, na hakuwa na hakika hata moja moyoni.

Jumatano asubuhi aliamua kuzionja kwa mdomo kabla ya kuzitia kwenye kilemba. Aliingia nyuma ya pazia, akaketi mkekani. Bi Siwema alikuwa amevua hata vipini vya masikio. Uso wake ulikuwa umechoka, lakini macho yalikuwa yametulia kwa namna ambayo Arafa hakuwahi kuiona.

"Bibi," Arafa alianza, "nasema kwa mfano tu. Kama angekuja mtu akasema aliyezikwa hakuwa yeye. Kwamba watu walikosea."

Bi Siwema alimtazama kwa huruma, kana kwamba mwenye msiba ni Arafa.

"Nilimwosha mimi, mwanangu. Kwa mikono hii. Kwa hiyo uniambie, niliyemwosha ni nani?"

Arafa akazikunja kurasa zake tatu.

"Goti lake la kushoto lina kovu," Bi Siwema aliendelea, akipitisha kidole hewani. "Limepinda hivi, kama ndoana. Ni jembe. Mwaka ule tulifungua shamba la alizeti kule Kolo. Alikuwa ananitazama mimi badala ya kutazama anapolima, akajikata. Mjinga yule! Damu inamtoka, yeye anacheka. Nililiosha kovu lile polepole, nikasema, haya, leo limepumzika." Akacheka, na kicheko kikageuka kilio kabla hakijafika mwisho.

Arafa alimshika mkono mpaka akatulia. Kisha akatoka, akakimbia maktabani, akakifungua kitabu. Alitafuta goti. Alitafuta jembe, alizeti, Kolo. Hakuna. Sefu wa kitabuni alikuwa fundi cherehani wa mjini ambaye hakuwahi kushika mpini maisha yake yote.

Alirudi benchini akihema. "Babu, niwie radhi. Goti lako la kushoto."

Mzee Nasibu akainama, akaipandisha suruali. Kovu lilikuwa pale, limepinda kama ndoana.

"Kakwambia kwa nini nilijikata?"

"Kasema ulikuwa unamtazama yeye."

"Mwongo. Nilikuwa nasinzia." Aliishusha suruali, akaikunguta vumbi isiyokuwa nalo. "Hapana. Ni kweli nilikuwa namtazama. Miaka yote nimemwambia nilisinzia, na kumbe hakuamini." Akaigeukia milima. "Shamba lile hajalitaja mwaka wa nne huu. Hata mlipomfanya akafurahi, akaniita Sefu, hakulitaja."

Daktari Elineema, waliyemwendea pamoja, aliwasikiliza mpaka mwisho bila kugusa karanga.

"Msiba umefungua mlango ambao furaha haikuufungua," alisema mwishowe. "Sikulitarajia. Maiti ya kitabuni haikuwa na mwili, akaivisha wa kwako, mzee. Anamlilia mtu wa kweli."

"Kwa hiyo ninayeliliwa ni mimi."

"Ni wewe."

"Na tukimfufua Sefu?" Arafa aliuliza.

"Atarudi Sefu. Aliyeoshwa atabaki mgeni fulani aliyezikwa kwa makosa, na kovu lake, na shamba lake. Bi Siwema atalazimika kumsahau ili ampokee fundi cherehani."

"Na tukimng'oa?"

"Hakuna Sefu, hakuna kovu, hakuna kilio. Atakaa dirishani. Utaweza kuingia na kutoka, mzee, atakuacha umlishe."

Mzee Nasibu aliunyoosha mkono kuitaka karatasi. Alitia sahihi taratibu, kila herufi.

"Siwezi kumwacha mtu anililie nami nipo, nakula, nakohoa," alisema. "Hiyo ni dhambi ambayo hata jina sijui. Afadhali asinijue." Akampa Arafa karatasi. "Sehemu yako ni hiyo hapo chini. Kesho nitakuja kumuaga, halafu utie."

Arafa aliichukua. Alitaka kusema kwamba yeye ndiye aliyejibu ndiyo pale ghalani. Kwamba alikuwa na hamu tu ya mwisho wa hadithi. Aliangalia chini. Alisema, "Ndiyo, babu."

*

Alhamisi saa tatu na nusu Mzee Nasibu alikuja amevaa kanzu na kofia ya kushonwa kwa mkono, kama anavyovaa mtu anayekwenda matangani.

"Niombee ruhusa," alimwambia Arafa. "Sema kuna mtu amekuja kutoa pole. Nitakaa huku upande wangu."

Bi Siwema aliruhusu. Pazia likavutwa hadi mwisho, Arafa akaketi pembeni, mahali alipoweza kuwaona wote wawili, karatasi mapajani na kalamu juu yake. Ukutani saa ilikuwa inakwenda bila kumjali mtu.

"Asalaam aleikum, mama. Pole na msiba."

"Waaleikum salaam. Tumeshapoa, baba. Nani mwenzangu?"

Mzee aliikunja mikono, akaikunjua. "Mtu tu. Nilijuana na marehemu toka ujana."

"Ajabu! Mbona hakuwahi kukutaja?"

"Hakuwa na kawaida ya kuniongelea."

Arafa aliuma mdomo.

"Basi keti," alisema Bi Siwema, na sauti yake ilichangamka, kama inavyochangamka ya mfiwa anapopata mtu wa kuzungumza naye habari za marehemu. "Nisimulie. Ujanani alikuwaje?"

Mzee Nasibu alikohoa. Ilikuwa wazi kwamba alikuja na maneno mawili ya kuaga, na hili hakuwa amejiandaa nalo. "Alikuwa kijana jasiri. Nakumbuka siku aliyokwenda kwenu kujitambulisha. Alivaa viatu vipya vinang'aa, kifua mbele, hana hofu hata chembe."

"Hana hofu!" Pazia lilitikisika. "Baba, nani kakudanganya? Viatu vya shemeji yake vile! Vilimpwaya, akajaza matambara mbele. Mdogo wangu aliyaona matambara yakichungulia, akakimbilia jikoni kucheka. Na huyo jasiri wako, alipotokea baba yangu, unajua alisema nini? Baba hajafungua mdomo, yeye akamwambia, 'Marahaba!'"

Mzee Nasibu aliweka kiganja usoni. Mabega yalimtetemeka. Arafa hakuweza kujua kama anacheka au analia, na alidhani hata mwenyewe hajui.

"Marahaba, kwa mkwe!" Bi Siwema alikuwa anacheka wazi sasa, kicheko kipana cha mwanamke kijana, na hakikugeuka kilio. "Baba akasema, mtoto huyu ama ni mwendawazimu ama anampenda kweli binti yangu, mpeni."

Hayo hayakuwa kitabuni. Arafa alikijua kitabu kile sentensi kwa sentensi. Saa ilionyesha saa nne kasoro dakika tatu. Mlangoni akatokea Daktari Elineema, akaigusa saa yake ya mkononi, akaelekeza kidole kwenye karatasi. Arafa akaishika kalamu. Kama atatia, kicheko hiki kitakuwa cha mwisho. Kama hatatia, amemfanya mtu mzima kuwa marehemu kwa mkewe mwenyewe, pengine hadi betri iishe, na hakuna kitabu alichowahi kusoma kilichomwambia lipi kati ya hayo mawili ni jema.

Alimtazama Mzee Nasibu, akitafuta hata ishara ya jicho. Mzee hakugeuka. Alikuwa ameinua kiti kidogo, kwa uangalifu kisikwaruze sakafu, akakisogeza karibu na pazia, hatua moja kutoka kwake.

"Hayo nilikuwa nimeyasahau, mama," alisema.

"Hukuyasahau. Hukuyajua. Usinichukie, baba, lakini marehemu wewe ulimjua juu juu tu."

Mshale ulifika saa nne, ukapita. Daktari alisubiri kidogo, akaitazama kalamu ambayo haikuwa imegusa karatasi, kisha akaondoka na nyayo zake zikasikika hadi mwisho wa ukumbi.

"Juu juu tu," alikubali Mzee Nasibu. "Niambie wewe."